Meno ya tairi la boda na barabara yenye maji: mwongozo kamili wa kuchagua, kukagua na kufunga

Mvua za Machi zikianza kupiga, kibanda changu cha tairi hapa Busia hujaa watu wenye ombi moja: "Fundi, nipe lenye meno makubwa, mvua imekuja." Siku tatu baadaye mmoja wao hurudi akichechemea. Kioo cha upande kimevunjika, pegi imepinda, na tairi lenyewe bado lina vile vinyweleo vya kiwandani. Septemba mvua zikirudi, hadithi ni ileile.

Nimeeleza kwa mdomo mpaka nimechoka, sasa naandika. Meno makubwa ni ya matope. Kwenye lami iliyolowa yanakupunguzia mshiko. Anayeshinda kwenye lami kati ya mpakani na Bugiri huku amevaa tairi la shambani amenunua utelezi kwa pesa yake mwenyewe.

Mimi pia nilinunua. Nilipokuwa bado steji, nilifunga matairi ya vidole, yale ya meno makubwa yaliyotengana, mbele na nyuma, nikapanda na kushuka maramu (barabara ya udongo na changarawe) ya Tiira asubuhi nzima bila wasiwasi. Nilipoingia lami kuu yakaanza manyunyu. Nikakata kona ya kuingia kujaza petroli, mwendo wa kawaida kabisa. Usukani ukawa mwepesi mkononi kama nimeshika kijiti, na kabla sijamaliza kusema "yesu" bega lilikuwa limeshafika chini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kiberiti cha njiti na rula ya mwanafunzi
- Kipima upepo (kidole gumba si kipimo)
- Ndoo ya maji na katoni kubwa kavu iliyokunjuliwa
- Chaki
- Vyuma viwili au vitatu vya kufungulia tairi, ncha zake ziwe za mviringo
- Spana za ekseli
- Maji ya sabuni, poda na kitambaa
- Tyubu mpya ya saizi ya tairi, na utepe wa rimu kama ule wa zamani umeoza
- Mwenzako mmoja wa kukaa juu ya pikipiki

## Hatua ya 1: Hesabu njia yako, kisha chagua meno

Usianze dukani. Anza na siku yako ya kazi: saa ngapi uko kwenye lami, saa ngapi kwenye maramu, saa ngapi kwenye matope ya kweli yanayoshika mpaka kwenye madigadi. Sema ukweli. Watu wengi hukumbuka ile njia moja mbaya ya shambani kwa mteja mmoja wa Jumamosi, wakasahau safari arobaini za lami.

Hesabu hiyo ina maana kwa sababu tairi lako linagusa barabara kwa kipande kidogo sana, kama kiganja cha mtoto. Wewe, abiria na gunia la mahindi mnategemea kipande hicho. Kinachoshika lami ni mpira wenyewe, unaojikandamiza kwenye vijiwe vidogo vya lami. Mfereji haushiki kitu. Kazi yake ni kuyapa maji pa kwenda ili mpira uguse chini. Ukiongeza mifereji unapunguza mpira, ukipunguza mifereji maji yanakosa njia. Kila mchoro wa tairi ni suluhu ya ugomvi huo.

Kwenye matope mambo ni tofauti. Barabara yenyewe ni laini, kwa hiyo jino refu linazama na kusukuma udongo kama jembe. Lami haizamiki. Jino refu linabaki limesimama kwa kichwa chake, na ukikamata breki linapinda kama kifutio cha penseli ukikisugua mezani. Kinachobaki kinagusa ni ukingo tu. Weka filamu nyembamba ya maji na vumbi chini ya ukingo huo, umekwisha.

Aina utakazokuta dukani ni hizi.

Tairi la lami. Mpira mwingi, mifereji myembamba. La mbele mara nyingi lina mistari inayozunguka tairi lote. Mistari hiyo huusaidia usukani kushika njia, na maji hupata mahali pa kukaa wakati mpira unafanya kazi. La nyuma lina mifereji ya mshazari inayotoka katikati kwenda mabegani. Tairi likizunguka, maji yanafunguliwa njia ya kutokea pembeni.

Tairi la kati. Vipande vya mpira ni vikubwa na vimekaribiana, mifereji ina upana wa wastani. Boda wengi wa Busia, Tororo na Iganga wanahitaji hili, kwa sababu siku moja wanagusa lami na maramu yote mawili. Chagua lenye mpira usiokatika sana katikati, maana hapo ndipo unaposimama ukiwa umenyooka na unafunga breki.

Tairi la vidole. Meno yametengana, kati yake unapitisha kidole. Hili ni la milima ya Bududa mvua ikinyesha, mashamba ya miwa, na njia za machimbo. Likifika lami, punguza mwendo uwe kama umebeba mayai.

Kanuni yangu: lami ikizidi nusu ya siku, acha kabisa vidole. Ukilazimika kuchanganya, lenye mpira mwingi likae mbele na lenye meno nyuma, ila ujue kwamba kwenye matope mazito gurudumu la mbele litaogelea kidogo.

Umefaulu ukiweza kumwambia muuzaji aina unayotaka kabla hajakuonyesha lile analotaka kuliondoa stoo.

## Hatua ya 2: Piga chapa ya maji

Kabla ya kutupa tairi ulilo nalo, lione linavyogusa. Tandaza katoni kavu kwenye saruji. Lowesha tairi la nyuma vizuri, mwenzako akae juu, kisha usukume pikipiki polepole ipite juu ya katoni. Fanya hivyohivyo kwa la mbele. Zungushia alama zote kwa chaki kabla hazijakauka.

Palipolowa ni mpira, palipobaki pakavu ni mifereji. Tairi zuri la lami huacha mkanda mwembamba, wenye michirizi inayoonekana wazi na kingo kali. Tairi la vidole huacha vidoa, na ukivitazama utaelewa haraka kwa nini mimi nilianguka pale petroli.

Kuna chapa moja ya kuogopa: mkanda mpana, ulionyooka pande zote mbili kama umepigwa rula, katikati hakuna mchirizi. Hilo ni tairi la mgongo bapa. Boda hutembea moja kwa moja siku nzima, kwa hiyo katikati huisha na mabega hubaki. Ukilaza pikipiki kuingia kona, tairi haliteremki taratibu, linadondoka kutoka kwenye ukingo wa ule ubapa. Barabara ikiwa kavu utahisi kishindo kidogo. Ikiwa imelowa, kishindo hicho kinatosha kuachanisha mpira na lami.

Wateja wengi hunionyesha meno ya pembeni: "Fundi, tazama, bado yapo!" Yapo, lakini hayo hayagusi chini ukifunga breki umenyooka.

## Hatua ya 3: Pima kina kwa njiti ya kiberiti

Njiti nyingi za kiberiti zina unene wa karibu milimita 2. Hakikisha ya kwako kwa rula kwanza, kwa kuwa viwanda vinatofautiana. Ilaze ndani ya mfereji wa katikati, si wa pembeni. Njiti ikizama yote, bado una kina. Ikichomoza juu ya mpira, tairi hilo si la mvua tena.

Rudia sehemu tatu za mzunguko. Tairi huweza kuisha sehemu moja pekee ya mzunguko, hasa la nyuma kwa mtu anayependa kukwaruza breki ya mguu.

Ubavuni utaona herufi TWI au kialama kidogo cha pembe tatu. Fuata mstari wake kwenda katikati na utakuta kinundu ndani ya mfereji. Meno yakilingana na kinundu, tairi limekwisha. Lakini usikisubiri. Kwenye matairi mengi ya pikipiki kinundu hicho kina kimo cha milimita 0.8, wakati cha gari dogo ni 1.6. Uingereza inataka angalau milimita 1 kwa pikipiki inayozidi cc 50, Ujerumani inataka 1.6. Mimi kwa mvua zetu nakwambia 2, kwa sababu kina kikipungua nusu, nafasi ya maji nayo imepungua nusu.

Kuna watakaosema, "Pikipiki haipai juu ya maji kama gari." Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Tairi letu ni jembamba na la mviringo, hupasua maji, na mwendo wa mjini ni mdogo. Kinachowaangusha boda wengi ni utando mwembamba wa maji uliochanganyika na mafuta na udongo, tena kwa mwendo wa kilomita 30 tu kwa saa. Lakini ukiwa kwenye barabara kuu kwa 80, tairi kipara, na dimbwi limejificha kwenye njia iliyobonyezwa na malori, maji yanaweza kukubeba.

Onyo. Usikubali tairi lililochongwa meno kwa kisu cha moto. Linapendeza kwa macho, lakini mpira uliokatwa ndio uliokuwa unafunika nyuzi. Kuchonga ni kwa matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE ubavuni. La pikipiki likichongwa linabaki na ngozi ya karatasi, na msumari mdogo hulimaliza.

## Hatua ya 4: Soma ubavu, kisha uguse mpira

Hapa watu hupoteza pesa.

Saizi. Kwenye boda zetu nyingi utakuta 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, nyingine huvaa rimu ya 18. Fuata iliyoandikwa kwenye tairi la kiwandani au kitabu. Tairi pana kuliko rimu yake hubanwa kwenye kingo, umbo la juu linabadilika, na ile chapa ya hatua ya 2 inaharibika.

Tarehe. Tafuta neno DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, na lile lililoning'inia mlangoni juani huzeeka haraka zaidi. Likipita miaka mitano mimi silifungi kwa mvua, hata kama halijawahi kugusa lami.

Uzito. Namba kama 50P inaeleza mzigo na mwendo. 41 ni kilo 145, 50 ni kilo 190, na P ni hadi kilomita 150 kwa saa. Anayebeba abiria wawili na kuku wao asichukue 41 nyuma.

Mahali. Likiandikwa FRONT ni la mbele. Likiandikwa NHS halikutengenezwa kwa barabara kuu, liache.

Sasa bonyeza mpira kwa ukucha. Ukucha ukiacha alama inayorudi polepole, mpira una uhai. Ukiteleza kama juu ya sahani, huo mpira ni mgumu, na mchoro wowote utakaowekwa juu yake hautakuokoa. Naona mpira wenyewe una uzito kuliko meno. Tairi linalosifiwa kwamba "halimaliziki" mara nyingi limefanywa gumu makusudi, na ugumu huo unaulipia siku ya manyunyu. Laini huisha mapema. Chagua unachotaka kulipia.

## Hatua ya 5: Funga kwa kufuata mshale

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, toa gurudumu, toa upepo wote, kisha sukuma kingo za tairi zote mbili ziingie kwenye bonde la katikati ya rimu. Asiyefanya hivyo ndiye anayeng'ang'ana na vyuma mpaka anatoboa tyubu mpya.

Kagua utepe wa rimu na ncha za spoku. Paka poda ndani ya tairi. Ijaze tyubu upepo kidogo, ipate umbo tu, halafu uiingize. Lowesha kingo kwa maji ya sabuni. Usitumie grisi wala oili chafu, huozesha mpira na kulifanya tairi lizunguke ndani ya rimu.

Mshale ubavuni uelekee upande gurudumu linakozunguka pikipiki ikienda mbele. Utaona mchoro wa mbele wakati mwingine umetazama kinyume na wa nyuma, na fundi mwenye haraka ataugeuza "ulingane". Mkataze. Tairi la nyuma linasukuma, la mbele linabeba breki, na mwenye kiwanda amelijengea kila moja kazi yake. Macho yako yasibishane na mshale.

Ukiona nukta ya manjano ubavuni, iwe karibu na vali, kwa kuwa ndiyo sehemu nyepesi ya tairi na vali ndiyo inayoongeza uzito kidogo kwenye rimu.

Umefaulu ukizungusha gurudumu na ule mstari mwembamba ulio karibu na rimu ukabaki umbali uleule mzunguko mzima, pande zote mbili. Ukipanda na kushuka, tairi halijakaa. Toa upepo, ongeza sabuni, jaza tena.

## Hatua ya 6: Upepo

Pima asubuhi kabla ya safari ya kwanza, tairi likiwa baridi. Kwa boda nyingi za cc 100 hadi 150 namba huzunguka psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako na 32 ukibeba abiria. Kitabu au kibandiko cha pikipiki yako kikisema vingine, fuata hicho.

Steji nyingi wanaamini mvua ikija upepo upunguzwe. Kwenye matope tupu kuna ukweli. Kwenye lami iliyolowa, tairi legevu hubonyea katikati, mifereji inajifunga, na maji yanakosa njia uliyoyalipia. Tena tairi legevu huteleza juu ya rimu na kuikata vali ya tyubu.

Wa upande wa pili ndio wanaojaza 45 kwa sababu ya magunia. Chapa yao ya maji huwa nyembamba kupita kiasi, kama mkanda wa suruali.

## Hatua ya 7: Kilomita 150 za kwanza

Tairi jipya lina uso laini unaong'aa, na huo unateleza. Utaondoka wenyewe kwa kusagwa na lami. Kwa kilomita 150 hivi usilaze pikipiki sana, usikamate breki ghafla, na ikiwezekana lifunge tairi kabla mvua hazijaanza, si siku zinapoanza. Usilisugue kwa petroli kutaka kuharakisha. Petroli inakausha mpira.

Umefaulu uso ukiwa mweusi usiong'aa kuanzia katikati hadi karibu na mabega.

## Hatua ya 8: Jaribu breki kwenye maji, bila abiria

Tafuta lami au saruji iliyonyooka isiyo na magari, imwagie maji mita kumi hivi. Ingia kwa kilomita 20 kwa saa, kamata breki ya mbele na ya nyuma pamoja, ukiongeza nguvu taratibu. Rudia kwa 30. Usijaribu kwa breki ya mbele pekee, na usijaribu ukiwa kwenye kona.

Sikiliza. Tairi linaloshika hutoa mnguruno wa chini na pikipiki inainamisha pua. Likikaa kimya huku pikipiki inaendelea mbele, breki imelizuia kuzunguka na linateleza; achia breki kidogo lizunguke, kisha uikamate upya. Likiteleza kwa 20 wakati upepo na kina viko sawa, rudi kwenye ule ukucha wa hatua ya 4.

Kumbuka kwa mwendo wa 40 unakula mita 11 kila sekunde. Ile matatu iliyo mbele yako, ambayo kondakta wake kaona mteja, haitakupa sekunde mbili.

## Mahali ambapo hakuna meno yatakayokusaidia

Dakika za kwanza za mvua, maji yanapoinua mafuta na vumbi lililolala wiki nzima. Mistari ya rangi ya vivuko. Mifuniko ya chuma ya mitaro. Foleni ya malori hapa mpakani, ambako dizeli hudondoka mahali pamoja kila siku. Ukiona rangi za upinde wa mvua chini, pita umenyooka bila kugusa breki. Na pale maramu inapoingia lami: meno yako yamejaa udongo, kwa hiyo kwa muda mfupi umevaa kipara. Nenda mita mia mbili umenyooka mpaka usikie udongo umemaliza kurukia madigadi.

## Ukiwa na pesa ya tairi moja tu

La nyuma huisha kwanza, na karibu kila mtu hununua la nyuma mwaka baada ya mwaka huku la mbele limekauka kama gome. Yote mawili yakiwa mabovu na mfuko unatosha moja, nunua la mbele. La nyuma likiteleza, mkia unacheza na mara nyingi unapata nafasi ya kuurudisha. La mbele likiteleza hupewi nafasi hiyo. Kisha la nyuma liendeshe pole, bila abiria mvua ikinyesha, mpaka ukusanye pesa yake.

Na lile la nyuma ulilolitoa usilifunge mbele ati bado lina meno ya pembeni. Saizi yake si ya mbele, mgongo wake ni bapa, na mimi nikiliona limefungwa hapo nitakuambia ulitoe kabla sijakujazia upepo.